Nani anafundisha ergoterapia? Maswali ya wanafunzi na wazazi wa Goma kuhusu walimu wa chuo kikuu

Maswali haya yametoka kwa vijana waliopata diploma ya Leta (ya Serikali, mwisho wa sekondari), kwa wazazi wanaotafuta minervali (ada ya masomo), na kwa wauguzi na kine (wataalamu wa fiziotherapia) wa Goma wanaotaka kuendelea na masomo. Karibu wote wanaanza kwa kuuliza bei na muda wa masomo. Sisi tunawaomba waanze na swali lingine: nani atasimama mbele ya mwanafunzi, na ametoka wapi? Ergoterapia hujifunzwa kwa mtu aliyewahi kuitenda. Silabi, yaani daftari la kozi, peke yake haitoshi.

Kwanza, ergoterapia ni nini, na inatofautianaje na kine?

Kine anashughulika zaidi na mwendo wa mwili: misuli, viungo, pumzi, kutembea. Ergoterapeuti anaanza na shughuli za maisha. Mama aliyepata kiharusi atapikaje bugali kwa mkono mmoja? Mtoto mwenye ulemavu wa ubongo atakaaje darasani, atashikaje kalamu? Fundi cherehani aliyekatwa vidole ataendeleaje kushona? Kijana aliyetoka hospitali ya akili atarudishaje ratiba ya siku yake? Anaweza kumzoeza mgonjwa njia mpya ya kufanya kazi ileile, kubadilisha chombo, kupanga upya nyumba, au kuzungumza na familia na mwajiri. Kazi hizi mbili zinasaidiana, na katika vituo vingi vya mashariki mwa Kongo kine ndiye anayebeba zote mbili kwa sababu hakuna mwingine.

Je, mwalimu wa ergoterapia lazima awe ergoterapeuti?

Kwa masomo ya kiini cha taaluma, ndiyo, na hapo msilegeze. Shirika la dunia la taaluma hii, linalojulikana kwa herufi WFOT, lilianzishwa mwaka 1952. Limeweka viwango vya chini vya mafunzo, na toleo lake la 2016 ndilo linalotajwa sana sasa. Viwango hivyo vinataka programu iongozwe na ergoterapeuti, na wanafunzi wafundishwe utendaji na watu wa taaluma yenyewe. Sababu yake si wivu wa kulinda mlango. Kumtazama mtu akivaa shati na kuona ni hatua gani inayomshinda, na kama tatizo ni nguvu, hisia, kumbukumbu au woga, ni jicho linalopatikana kwa miaka ya kuwa pembeni ya mgonjwa. Daktari mzuri sana anaweza asiwe nalo.

Lakini chuo chenye ergoterapeuti peke yao nacho kina upungufu. Taaluma hii tangu kuzaliwa kwake ilikusanya watu wa kila aina. Mwezi Machi 1917, watu wachache walikutana Clifton Springs, katika jimbo la New York, wakaanzisha chama cha kwanza cha taaluma hii Marekani. Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na baadaye akapooza upande wa kushoto. William Rush Dunton alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Eleanor Clarke Slagle alitoka katika kazi za ustawi wa jamii. Susan Cox Johnson alikuwa mwalimu wa kazi za mikono. Thomas Kidner alijua ujenzi na mafunzo ya ufundi, na alikuwa ameshughulika na askari waliorudi vitani. Isabel Newton alikuwa katibu. Susan Tracy, muuguzi, anahesabiwa kati ya waanzilishi ingawa siku ile hakuwepo.

Uingereza nako, shule ya kwanza, Dorset House, ilianzishwa Bristol mwaka 1930 na Elizabeth Casson, aliyekuwa daktari. Kwa hiyo ukikuta kwenye orodha ya walimu jina la mwanasosholojia au la fundi wa vifaa, usishtuke. Shtuka ukikuta hao tu, bila ergoterapeuti hata mmoja.

Hao walimu wasio ergoterapeuti wanafundisha nini?

Anatomia na fiziolojia mara nyingi hufundishwa na daktari au mwanabiolojia. Magonjwa ya neva hufundishwa na daktari wa neva, magonjwa ya akili na daktari wa akili, ukuaji wa mtoto na mwanasaikolojia. Kuna mwanasosholojia au mwanaanthropolojia wa kueleza jinsi jamii inavyouangalia ulemavu. Somo lake wanafunzi wengi hulidharau mpaka siku wanapokutana na familia inayomficha mtoto chumba cha nyuma. Kuna mtaalamu wa takwimu na mbinu za utafiti, kwa ajili ya memuari, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo. Kuna pia mafundi wa mbao, ngozi na plastiki, na watengenezaji wa miguu ya bandia na ortezi (vifaa vya kushikilia viungo). Hawa wa mwisho mara nyingi hawana cheo kikubwa chuoni, lakini ndio wanaoufundisha mkono wa mwanafunzi kukata, kupasha moto, kukunja na kupima. Ukitembelea chuo, omba kuona atelie yao kabla ya kuona ofisi ya dekani.

Walimu wana shahada gani? Mbona mmoja ni profesa na mwingine ni CT?

Inategemea nchi, na hapa wazazi wengi hupotea.

Kwetu Kongo, ngazi za chuo kikuu mnazijua: asistenti, CT (chef de travaux, mwalimu aliye juu ya asistenti), profesa mshiriki, profesa, profesa ordineri. Kuitwa profesa kunahitaji udaktari wa chuo kikuu (PhD). CT mwenye miaka mingi ya kazi hospitalini anaweza kuwa mwalimu bora wa utendaji kuliko profesa asiyegusa mgonjwa, na hilo halimwondolei profesa heshima yake. Ni kazi mbili tofauti, na promosheni (darasa la mwaka) inawahitaji wote wawili.

Ufaransa ni hadithi nyingine. Shule za kwanza zilifunguliwa mwaka 1954, Paris na Nancy, na diploma ya Serikali ya ergoterapeuti iliwekwa mwaka 1970. Mafunzo ni miaka 3, mara nyingi ndani ya taasisi maalumu, na walimu wengi wa kudumu ni ergoterapeuti waliopanda ngazi ya ukada wa afya (usimamizi), siku hizi wakiongeza na masta. Kwa muda mrefu ergoterapeuti wa Ufaransa aliyetaka udaktari aliufanya katika saikolojia, elimu au afya ya jamii. Mwaka 2019 tu ndipo vyuo vikuu vya huko vilipata sehemu rasmi ya sayansi za urekebishaji, inayomruhusu mtu kufanywa mwalimu wa chuo kikuu katika fani hii yenyewe. Ndiyo maana ukisoma wasifu wa mwalimu wa Kifaransa mwenye umri mkubwa, udaktari wake unaweza kuonekana hauhusiani na ergoterapia. Usimhukumu kwa hilo.

Kanada huingii kazini bila masta ya taaluma, na maprofesa wengi wana udaktari wa utafiti. Marekani, viwango vya ithibati vinamtaka mkuu wa programu ya chuo kikuu awe na udaktari na walau miaka 8 ya uzoefu katika fani. Tena ni Marekani, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ambako mwaka 1989 ilianzishwa programu ya udaktari katika sayansi ya shughuli za binadamu, chini ya uongozi wa Elizabeth Yerxa. Tangu hapo mtu anaweza kutafiti shughuli zenyewe, watu wanavyozifanya na zinavyowajenga, kama fani ya elimu inayojitegemea.

Walimu wana ubingwa wa aina gani? Nichague chuo kufuatana na ubingwa upi?

Hakuna mwalimu anayejua yote. Angalia mchanganyiko wao, kisha uulinganishe na wagonjwa utakaokutana nao ukirudi nyumbani.

Ukitaka kufanya kazi Goma, weka majeraha mbele. Miaka ya vita imeacha watu wengi wenye risasi katika mkono, waliokatwa mguu, walioumia uti wa mgongo. Hospitali ya CBCA Ndosho inajulikana kwa upasuaji wa majeruhi wa vita, ikisaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana kwa watu wenye ulemavu na kwa viungo bandia. Mwalimu aliyebobea katika mkono ni hazina kwa mtu atakayerudi mji huu. Anakufundisha kupima uvimbe na kovu, kutengeneza gango linaloushika mkono katika mkao salama, kujua lini kano lililoshonwa linaruhusiwa kusogea na kwa kiasi gani. Makosa ya wiki chache hapo yanaweza kumgharimu mtu uwezo wa kushika jembe maisha yake yote. Uliza kama mwalimu huyo bado anaona mikono ya wagonjwa au anafundisha kwa picha tu.

Ubingwa wa pili ambao sisi tungeupigania ni afya ya akili. Vijana wengi wanadhani ergoterapia ni viti vya magurudumu na mikono, lakini mizizi yake mikubwa iko katika hospitali za akili. Kwetu kuna Tulizo Letu hapa Goma na SOSAME kule Bukavu, vituo vya Mabradha wa Upendo. Lubumbashi wana kituo cha Joseph Guislain. Mgonjwa aliyetulia kwa dawa bado anahitaji kuamka, kuoga, kwenda sokoni, kufanya kazi kidogo na kuaminiwa tena na jirani. Mwalimu aliyewahi kuongoza vikundi vya kazi katika kituo cha akili anajua kuchagua shughuli inayolingana na hali ya mtu siku hiyo, isiyomdhalilisha wala kumchosha. Afrika ina mchango wake katika hili: Vona du Toit, ergoterapeuti wa Afrika Kusini, alijenga nadharia ya ngazi za uwezo wa kutenda ambayo imevuka mipaka ya nchi yake na bado inatumika katika huduma za akili.

Kuhusu watoto, mtasikia sana jina la Jean Ayres, ergoterapeuti wa Marekani aliyechukua udaktari katika saikolojia ya elimu, kisha akaunda mbinu ya kuunganisha hisia za mwili. Walimu wengi wa watoto wamepita katika njia yake. Ni elimu nzuri, ila huhitaji chumba chenye bembea na vifaa. Muulize mwalimu angefanya nini katika chumba chenye mkeka na ndoo.

Viti vya magurudumu: mwalimu awe amepitia mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (OMS), yenye hatua 8 kuanzia kumpokea mtu mpaka kumfuatilia na kutengeneza kiti chake. Kumgawia mtu kiti bila kumpima kunaleta vidonda vya makalio, na vidonda hivyo vinaua.

Wazee, kurudi kazini, macho, saratani: vyote ni ubingwa halali, vyote vina walimu wake. Kwa hapa kwetu havina uzito wa viwili vya kwanza.

Uzoefu wa hospitali unahesabika kiasi gani?

Sana. WFOT inataka kila mwanafunzi afanye walau saa 1,000 za staji (mazoezi ya kazi) chini ya usimamizi na tathmini ya ergoterapeuti. Maana yake, sehemu kubwa ya walimu wako hawatakuwa oditwari (ukumbi wa masomo) kabisa. Ni wasimamizi wa staji: mwanamke anayefanya kazi wodi ya watoto, mwanamume wa kituo cha viungo bandia, watu ambao majina yao hayapo kwenye tovuti ya chuo. Chuo kinachojiheshimu kinawafundisha wasimamizi hao jinsi ya kusimamia, kinawatembelea wakati wa staji, na kinasikiliza maoni yao mwanafunzi anapokaguliwa. Chuo kinachowatupa wanafunzi hospitalini na barua tu, kisha kinasubiri alama, kinakosesha watoto wenu nusu ya masomo waliyolipia.

Profesa anayekuja wiki moja na kuondoka, ni mbaya?

Desturi hii mnaifahamu: profesa anashuka kwa ndege, anatoa kozi ya saa 45 kwa siku chache, anaacha silabi, anaondoka. Kwa somo la nadharia inavumilika, na wakati mwingine ndiyo njia pekee ya kumpata mtu anayejua jambo hilo. Kwa somo la utendaji haifai. Mkono haufundishwi kwa haraka namna hiyo. Angalau awepo asistenti wa kudumu anayebaki na wanafunzi na kurudia mazoezi nao.

Mwalimu aliyesomea Ulaya ataelewa maisha ya Goma?

Anaweza, akitaka kujifunza. Tatizo ni vipimo na mazoezi aliyokuja nayo. Jikoni ya mazoezi kule ina jiko la umeme na sinki lenye urefu wa kiuno. Hapa mama anainama kwenye mbabula, anasonga bugali kwa mikono miwili huku sufuria ikitaka kuteleza, anatwanga sombe, anabeba bido la maji kutoka bomba la mtaa, na mtoto yuko mgongoni ndani ya kitenge. Kumwambia mama huyo kwamba amefaulu mtihani wa jikoni kwa sababu amepasha chai si kumtendea haki. Barabara nazo: mitaa mingi ya Goma imekaa juu ya mawe ya lava ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto mjini mwaka 2002 na kushuka tena 2021. Kiti chenye matairi membamba ya hospitali kinakwama kabla ya kufika mtaa wa Birere. Vijana wetu wanaosukuma chukudu, magari ya mbao ya kubebea mizigo, wanajua kuhusu magurudumu, uzito na miteremko mambo ambayo mwalimu mgeni angefanya vizuri kuwauliza.

Kuna jambo la ndani zaidi. Elimu nyingi ya Magharibi inaweka mbele kujitegemea: mtu avae mwenyewe, ale mwenyewe, aoge mwenyewe. Michael Iwama, ergoterapeuti wa Kanada mwenye asili ya Japani, alilipinga hilo waziwazi pamoja na wenzake wa Japani, akisema katika jamii nyingi mtu huishi ndani ya mahusiano, na lengo la tiba linapaswa kutoka humo. Nasi tunayajua hayo. Babu anayevalishwa na mjukuu wake huenda hakuoni kuvalishwa kama hasara, lakini kushindwa kukaa na wazee wenzake kwenye kikao cha familia kunamuumiza. Mwalimu mwema, awe wa Brussels au wa Butembo, anamfundisha mwanafunzi kumuuliza babu kwanza.

Je, kuna walimu wenye ulemavu wenyewe?

Wapo, na Barton tuliyemtaja juu alikuwa mmoja wa waanzilishi akiwa ameshapooza. Vyuo vingine huwaalika watu waliopata huduma waje kufundisha: aliyekatwa mguu aeleze siku yake ya kwanza nyumbani, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa ubongo aonyeshe anavyomlisha. Tunaomba vyuo vyetu vifanye hivyo na viwalipe kama wanavyolipwa walimu wengine.

Masomo ni kwa lugha gani?

Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi ya Kifaransa na Quebec: Kifaransa. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda: Kiingereza darasani. Faida ya Kenya na Tanzania kwa mtu wa Goma ni kwamba wodini, pamoja na wagonjwa, Kiswahili kinafanya kazi kubwa.

Karibu na sisi, wapi wanafundisha?

Tanzania kuna hospitali ya KCMC, Moshi. Kenya kuna KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba. Ng'ambo ya mpaka wetu, Chuo Kikuu cha Rwanda kina shahada ya kwanza. Afrika Kusini ina historia ndefu zaidi na vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Witwatersrand na Cape Town, ingawa gharama ni kubwa. Kabla ya kuamua, angalia kwenye tovuti ya WFOT orodha ya programu zilizoidhinishwa. Diploma kutoka programu iliyo nje ya orodha hiyo inaweza kukusumbua ukitaka kufanya kazi nchi nyingine.

Niulize nini kuhusu walimu kabla ya kulipa minervali?

Uliza kwa adabu lakini usione aibu. Ni pesa ya familia. Mkuu wa programu ni ergoterapeuti? Walimu wa kudumu ni wangapi na wageni ni wangapi? Kati ya wanaofundisha utendaji, nani bado anaona wagonjwa, na wapi? Nani ana ubingwa wa afya ya akili? Staji zinafanyika vituo gani na nani anasimamia? Halafu tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mbali na ofisi, umuulize mwalimu gani amemfundisha kwa mikono. Akijibu kwa jina bila kufikiri, hiyo ni ishara njema. Akianza kukuhesabia silabi, endelea kuuliza.

Mimi ni kine, nafanya kazi Goma miaka mingi. Naweza kuwa mwalimu wa ergoterapia siku moja?

Unaweza kufundisha sehemu yako tangu sasa: kuhamisha mgonjwa kutoka kitandani, mazoezi baada ya kukatwa mguu, vifaa vya kutembelea. Lakini ili ufundishe ergoterapia yenyewe, pata kwanza diploma yake. Vyuo vingine hukubali kukupunguzia baadhi ya masomo ya msingi kwa sababu umeshayasoma, kwa hiyo beba rilivee zako zote za alama zikiwa na mihuri. Ukihitimu, rudi kwanza kwa wagonjwa miaka kadhaa. Kisha omba kusimamia staji, baadaye uasistenti, na fanya masta huku ukiendelea na kazi. Memuari yako ifanye juu ya jambo la hapa: kiti kinachostahimili mawe ya lava, au mama aliyepooza upande mmoja anavyoweza kuuza makala (makaa) sokoni. Daftari za wagonjwa ulizoandika miaka hii yote, majina yakiondolewa na ruhusa ikiombwa, ndizo zitakazokuwa mifano ya kozi yako ya kwanza, kwa hiyo anza kuzitunza vizuri.